Fundi, tununue za 4K au megapikseli mbili zinatosha?

Maswali ya wasomaji kuhusu kamera za ulinzi. Anajibu fundi wetu wa Mbeya.

*Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tuna yadi ya mbao Mafinga. Mwezi Juni tuliibiwa mbao za mbili kwa nne usiku, na mlinzi anasema hakusikia kitu. Kamera tunazo mbili, ziko juu ya ofisi, lakini tulipofungua video tuliona weupe wa ukungu tu na kivuli cha mtu mwenye koti. Muuzaji mmoja anatushauri tufunge kamera nane za 4K. Shemeji yangu anasema hizo ni hela za bure, megapikseli mbili zinatosha. Yadi ina upana wa mita 30 hivi, geti ni moja, la mita nne. Tumsikilize nani? — Msomaji, Mafinga*

Marahaba binti yangu, na poleni sana. Mbao mmezipanga na kuzigeuza mpaka zikakauka, halafu mtu anakuja kuzibeba usiku mmoja. Inauma.

Kabla ya kuchagua kati ya muuzaji na shemeji, jiulizeni hivi: mwizi lazima apite wapi, na akipita hapo uso wake utaonekana kwa ukubwa gani? Chukueni kalamu. Kamera ya 4K ina pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 3,840 kwa upana, ya megapikseli 2 ina 1,920. Ukiielekeza ya 4K ikaona yadi yote ya mita 30, kila mita inapata pikseli 128. Uso wa mtu mzima ni kama sentimita 16, kwa hiyo unaambulia pikseli 20. Kwa pikseli 20 utamtambua kijana wako wa kupakia, kwa sababu unamjua mwendo na koti lake. Mgeni hutamjua, na polisi hawatamjua. Kipimo tunachofuata mafundi kinataka pikseli 250 kwa kila mita ili mtu usiyemfahamu aweze kutambulika.

Sasa ichukue ile ya megapikseli 2 anayoitetea shemeji, uielekeze getini peke yake, pale penye mita nne. Unapata pikseli 480 kwa mita, na uso mmoja una pikseli 77. Ya bei ndogo imeipita ya bei kubwa kwa kuwekwa mahali panapofaa. Na msidanganyike kwamba 4K ina pikseli mara nne, basi inaona mbali mara nne. Kwa upana zimeongezeka mara mbili tu, na umbali nao unaongezeka mara mbili tu.

Hili nilijifunza kwa hasara ya mtu mwingine, na bado linanisumbua. Miaka ya nyuma nilifunga kamera nne kwenye duka la vifaa vya ujenzi Uyole. Nilizipandisha juu kabisa, chini ya kenchi, karibu mita tano, nikiogopa zisije zikaibiwa zenyewe. Picha ya mchana ilipendeza, unasoma maandishi kwenye mifuko ya saruji. Wakavunja mwezi wa saba, kwenye ile baridi. Nilikaa na mzee mwenye duka tukarudia video ile mpaka usiku: kofia nne za sufi zinatoka mlangoni zinakwenda kwenye roli za nyaya. Rangi tunaziona. Fundo la juu la kofia moja tunaliona, na uzi uliochomoka pembeni yake. Uso hakuna hata mmoja. Mzee hakunigombeza, alinihesabia tu roli zilizokwenda, akanyamaza. Tangu siku ile kamera ya mlangoni naifunga mita mbili na nusu kutoka chini, mtu anapoinua macho kutazama anakoingia. Ikiwezekana naiweka upande wa ndani ikitazama mlango, maana anayetoka na mzigo hana nafasi ya kuinama.

Tuje kwenye ukungu wenu, maana hapo ndipo hela nyingi zinapotea huku nyanda za juu. Zile taa ndogo nyekundu zinazozunguka lenzi ni za infraredi, mwanga ambao macho yetu karibu hayauoni. Usiku zinamulika mbele, na ukungu unaurudisha mwanga wote kwenye lenzi. Dereva yeyote aliyepita Sao Hill alfajiri anajua: ukiwasha taa kubwa kwenye ukungu unajiwekea ukuta mweupe mbele yako. Kamera inaumia vivyo hivyo, na 4K haitawasaidia, itarekodi ukuta uleule kwa pikseli nyingi zaidi. Zimeni taa za kamera ya getini kwenye menyu yake. Fungeni taa ya kawaida ya LED mita tatu au nne pembeni ya kamera, imulike geti kwa ubavu. Mwanga ukija kwa ubavu hauwarudii sana, na juu ya hayo mtapata rangi ya koti, ambayo infraredi haitoi.

Ukungu ukiwa mzito kabisa hakuna kamera ya kawaida itakayoona mbali. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuisogeza kamera karibu na geti. Na mwambieni mlinzi awe anafuta kioo kwa brashi laini kila wiki. Uzi mmoja wa buibui mbele ya lenzi usiku unang'aa kama kamba ya manila.

Mnaponunua, msitazame megapikseli peke yake, ulizeni pia ukubwa wa kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Kikiwa kidogo halafu kikagawanywa pikseli milioni nane, kila pikseli inapata mwanga kiduchu na picha ya usiku inajaa chengachenga. Kwa yadi isiyo na taa nyingi ningechukua kamera ya megapikseli 4 yenye kipande kikubwa kuliko ya 8 yenye kidogo. Muuzaji akishindwa kujibu, mwombeni awaonyeshe video iliyorekodiwa usiku, na mtu awe anatembea. Mtu aliyesimama hutoka vizuri kwenye kamera yoyote.

Kwa hiyo kwenu napendekeza kamera nne. Mbili getini za megapikseli 4, moja ya uso na moja ya namba ya fuso. Ya tatu kama hiyo ofisini penye hela. Ya nne ndiyo iwe 4K, iangalie yadi nzima, kazi yake ni kuonyesha mtu alipita njia gani na alibeba nini.

Hesabu ya diski nayo ipigwe kabla ya kulipa. Kwa mfumo wa kubana video uitwao H.265, kamera ya megapikseli 4 inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 kwa siku, na ya 4K kwa megabiti 8 inakula 86. Zote nne ni kama gigabaiti 216 kwa siku. Diski ya terabaiti 4 itawatunzia siku 18, kisha inaanza kujifuta. Mbao mnahesabu kila baada ya siku ngapi? Kama ni mwisho wa mwezi, mtagundua wizi wakati video imeshafutika, basi chukueni terabaiti 8. Diski iwe ya kamera, iliyotengenezwa kufanya kazi usiku na mchana. Ya kompyuta ya kawaida haikuundwa kwa kazi hiyo.

Waya wa kutoka ofisini hadi getini usizidi mita 100, na uwe wa shaba tupu. Kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Mkwangue kwa kisu, ukiona weupe ndani urudisheni. Fungeni vizuia radi na waya wa ardhini kabla ya mvua za Novemba. Kuhusu umeme kukatika, mfumo wenu utatumia kama wati 40. Betri ya 12V yenye Ah 100, mkiitumia nusu tu ili isife mapema, inawafikisha saa 15. Mashine ya kurekodi ikae kwenye kabati lenye kufuli, mbali na meza ya ofisi.

Na saa, nawaomba sana. Nimekuta mashine nyingi zimebaki kwenye saa ya China, iliyo mbele yetu kwa saa tano. Mlinzi anaandikisha polisi kwamba ilikuwa saa nane usiku, video inaandika 07:00, saa moja asubuhi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii, lakini mahakama inapima kama ulirekodiwa na kutunzwa kwa njia ya kuaminika. Wakili wa upande wa pili ataanzia kwenye hizo saa tano. Mkishafunga, nirekodieni dakika mbili za usiku wa ukungu, mume wako apite getini na kofia yake, mnitumie.

*Fundi, mimi ni mwalimu Tukuyu, naishi peke yangu. Nataka kamera moja tu ya waifai mlangoni, lakini naogopa itamaliza bando. — Msomaji, Tukuyu*

Mwalimu, chukua inayorekodi kwenye memori kadi yake yenyewe. Ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde, kadi ya gigabaiti 128 inatunza karibu siku sita bila kugusa bando. Bando linaliwa unapoichungulia kutoka shuleni. Kwa megabiti 1 kwa sekunde, saa nzima ya kutazama ni megabaiti 450, kwa hiyo chungulia dakika mbili ufunge. Tumia masafa ya 2.4 GHz, yanapenya ukuta wa tofali za kuchoma kuliko yale ya 5. Na siku ya kwanza badilisha neno la siri ililotoka nalo kiwandani. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodi nyingi sana duniani kwa kujaribu tu maneno hayo ya kiwandani. Unaishi peke yako, sitaki mtu mwingine awe anajua saa unayotoka.

*Nina nyumba ya wapangaji Kihesa, Iringa. Nimeweka kamera koridoni, sasa wapangaji wawili wanalalamika kwamba inaona ndani wakifungua mlango. Si nyumba yangu? — Mwenye nyumba, Iringa*

Nyumba ni yako, mzee wangu, chumba ni chao kwa sababu wamekilipia. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamlinda mpangaji wako kama inavyokulinda wewe. Ihamishie kwenye mlango mkubwa wa kuingilia, ambako ndiko mwizi anapita. Kama lazima ibaki koridoni, kwenye menyu kuna sehemu ya kuziba eneo kwa rangi nyeusi. Ziba milango yote. Kisha waite wale wawili, wasimame mbele ya skrini waone wenyewe, na ubandike tangazo mlangoni kwamba hapa pana kamera.