Nyuma ya Sikio: Niliyojifunza Katika Kupima Ngozi, Kichwa na Shingo

Mwaka wangu wa kwanza wodini nilimhudumia mzee mmoja mwenye homa ya mapafu. Alikuwa kwenye oksijeni ya puani, na kwa siku tatu mfululizo niliandika kwenye faili lake maneno yaleyale: "Ngozi haina tatizo." Siku ya nne, nikimnawisha uso, niliuinua mrija uliopita nyuma ya sikio lake la kushoto. Ulikuwa umezama kwenye ngozi. Chini yake palikuwa na mfereji mwembamba, mbichi, unaotoa majimaji. Nikamuuliza, "Mzee, mbona hukusema kama unaumia?" Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, kila ukija ulikuwa unaandika tu."

Nawaandikia wanafunzi wa uuguzi na nyinyi mlioanza kazi juzi. Ngozi, kichwa na shingo viko wazi mbele ya macho yetu zamu nzima, na ndiyo maana tunavipita haraka.

Anza na mwanga. Sogeza pazia, maana taa yenye rangi ya manjano huficha umanjano wa mgonjwa. Mwambie atazame chini, inua kope la juu, angalia weupe wa jicho. Kwa watu wenye ngozi nyeusi weupe huo unaweza kuwa na umanjano kidogo kandokando bila ugonjwa wowote, kwa hiyo mwombe afungue mdomo uangalie na kaakaa kwa tochi.

Hili la rangi limenisumbua kwa miaka. Picha nyingi nilizosomea zilikuwa za ngozi nyeupe: wekundu, weupe, ubuluu, vyote vinaonekana kwa mbali. Kwenye ngozi nyeusi inabidi uvitafute. Upungufu wa damu utauona ndani ya kope la chini, kwenye ufizi na kwenye viganja. Upungufu wa oksijeni utauona kwenye ulimi na upande wa ndani wa midomo, na ngozi yenyewe huenda ikaonekana kama imepakwa majivu.

Vidonda vya kulalia ndipo tunapokosea zaidi. Tumefundishwa kutafuta wekundu usiopotea ukiubonyeza, lakini kwa mgonjwa mweusi wekundu huo unaweza usiuone kabisa. Pengine pataonekana peusi zaidi au pa zambarau kidogo, pengine rangi haitakuambia kitu. Tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya kisigino, kisha pembeni yake, ulinganishe: pana joto zaidi? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama sponji iliyoloa? Muulize kama panauma. Fanya hivyo kiunoni chini, nyongani, kisogoni, na chini ya kila kifaa tunachomvalisha sisi wenyewe, iwe mrija, barakoa ya oksijeni au kola ya shingo.

Ukitaka kujua kama mtu mzima amepungukiwa maji, usifinye ngozi ya mgongo wa kiganja cha mzee. Ile imelegea kwa umri. Finya chini ya mtulinga, ule mfupa ulio kati ya shingo na bega. Kwa mtoto mdogo finya tumboni: ngozi ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, hiyo ni dharura.

Na vueni wagonjwa soksi. Kwa watu weusi saratani ya ngozi aina ya melanoma hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Doa linalobadilika, lenye kingo zisizonyooka au rangi mchanganyiko, lisiishie kwenye kumbukumbu zako.

Kichwani pitisha vidole sehemu yote, tenganisha nywele hata kama zimesukwa. Mapunye, chawa na uvimbe mdogo vyote hujificha humo. Kwa mtoto mchanga gusa utosi akiwa ametulia na ameinuliwa, kwa sababu akilia huvimba wenyewe. Uliobonyea huashiria kupungukiwa maji. Uliovimba na kukaza mtoto akiwa ametulia, mwite daktari muda huohuo. Usoni, mwambie mgonjwa atabasamu, uone kama pande mbili zinakwenda pamoja.

Shingo inataka utulivu. Kama mgonjwa ameanguka au amepata ajali, usiigeuze kabisa mpaka ithibitishwe kuwa haijaumia. Vinginevyo mwambie ainamishe kichwa kidogo upande unaoupima ili msuli ulegee, kisha tembeza ncha laini za vidole kwa mizunguko midogo ukitafuta tezi: mbele ya sikio, nyuma yake, kisogoni, chini ya taya, chini ya kidevu, kando ya shingo, hadi juu ya mtulinga. Tezi ndogo, laini, inayosogea ni jambo la kawaida kwa wengi. Inayouma na kusogea mara nyingi ni ya maambukizi. Ngumu, iliyoganda mahali pamoja na isiyouma ndiyo inayoniogopesha, hasa juu ya mtulinga wa kushoto, maana saratani ya tumbo inaweza kujitokeza hapo. Niliwahi kuigusa moja kwa mama aliyekuja kubadilishwa bandeji ya kidole. Ilikuwa kama punje ya maharage makavu. Yeye hakuwa anajua kama ipo.

Kwa rovu, yaani uvimbe wa tezi iliyo mbele ya shingo, mpe maji anywe funda moja huku ukitazama; uvimbe huo hupanda anapomeza. Mapigo ya shingoni pima upande mmoja baada ya mwingine, kamwe usibonyeze pande zote mbili pamoja, anaweza kuzimia mikononi mwako.

Unapoandika, taja mahali, upande, ukubwa na maumivu. Siku ile ya nne niliandika: "Nyuma ya sikio la kushoto, chini ya mrija wa oksijeni, kidonda cha urefu wa sentimita 2. Hakina usaha. Mgonjwa anasema kinauma. Mrija umewekewa sponji." Kisha nikamwomba mzee ageuke, niangalie na la kulia.