Atomu haifurahi

Nilipokuwa kidato cha tano, mwalimu wa fizikia alituuliza katika jaribio atomu inayoitwa "excited" ni atomu ya namna gani, nami nikajibu kwa kujiamini kwamba ni atomu yenye furaha ya kuungana na nyingine. Nilipata sifuri, na kando ya jibu langu palikuwa na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Neno hilo nililijulia kwenye sinema, ambamo mtu husema yuko "excited" kwa kuwa kesho anasafiri, nikalibeba lilivyo hadi kwenye karatasi ya majibu.

Baadaye nilipoanza kufundisha, nimekuwa nikimshauri kila anayesoma sayansi kwa Kiingereza kwamba akikuta neno la mazungumzo ndani ya kitabu cha fizikia, aulize kwanza linapima nini. Elektroni ya haidrojeni ikiwa katika ngazi ya chini kabisa ya nishati huhitaji elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 10.2 ili ipande ngazi ya pili, na mwanga wenye 9 hauipandishi hata nusu ya njia, kwa sababu baina ya ngazi hizo hapana pa kusimama. Mwaka 1914 James Franck na Gustav Hertz walipitisha elektroni katika mvuke wa zebaki, wakaona kwamba zinapogonga atomu hupoteza nishati kwa mkupuo wa elektronivolti 4.9, wala si kidogo kidogo. Atomu iliyopokea mkupuo wa namna hiyo ndiyo yenye kustahili jina lile la "excited", na kwa kawaida haidumu hivyo: baada ya nanosekunde kadhaa (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) elektroni hushuka, na nishati iliyozidi hutoka ikiwa mwanga.

Anayetaka kuliona jambo hili na alowanishe ncha ya kijiko cha chuma, aichovye kwenye chumvi, kisha aipitishe kwenye mwali wa jiko la gesi. Mwali wa bluu utageuka manjano pale pale, kwa kuwa joto limezipandisha elektroni za sodiamu iliyomo katika chumvi, nazo zikishuka hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 589. Chumvi isimwagwe jikoni, maana itaziba matundu, na hapo kuna mtu ambaye hakika hatafurahi.

Darasani mimi hutumia neno "kusisimka", na naliona linafaa kuliko "kufurahi" kwa mbali sana. Mwili husisimka kwa baridi, kwa hofu, hata kwa kusikia sauti ya marehemu katika simu ya zamani. Furaha si sharti. Tena ukisema "atomu iliyosisimuliwa", sarufi yenyewe inadai swali la "na nini?", na jibu la swali hilo, liwe joto, mwanga au mgongano, ndilo mtahini analolitafuta.

Hata hivyo, neno hilo hilo lisirudishwe katika barua. Mwingereza anayeandika kwamba yuko "excited" kukutana nawe anamaanisha ana hamu ya kukuona, na ukimtafsiri kuwa amesisimka, msomaji atadhani ameona nyoka. Vivyo hivyo mtoto aliye katika hali hiyo usiku wa kuamkia sikukuu, sisi tungesema hakai wala halali, ana kiherehere cha nguo mpya. Kwa hiyo usitafute neno moja la Kiswahili litakalobeba yote; tazama kwanza anayesemwa ni mtu au ni chembe.

Na uchunge mwisho wa neno. Katika barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi kwa Kiingereza niliandika kwamba mimi ni "very exciting", nikikusudia kusema nina hamu kubwa ya kuanza, kumbe nilikuwa nimemwarifu mwajiri kwamba mimi ni burudani tosha. Hakunijibu.