Simu kando ya cherehani

SWALI: Dada, nashona Kadutu, hapa Bukavu. WhatsApp ikilia tu, naacha kikwembe. Juzi mikono ya gauni la bibi harusi niliishona nje-ndani. Nisipumzike kabisa?

JIBU: Mdogo wangu, pumzika! Nami nilishona miaka kumi, na mgongo unanidai hadi leo. Lakini simu si pumziko: macho hayatulii, na ukirudi kwenye kitambaa akili bado inajibu ujumbe. Mwitaliano Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980, alijipimia kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 kazi, 5 mapumziko. Kwa mkono wa gauni, 25 naziona chache. Maliza mshono kwanza. Kisha toka nje, nyoosha kiuno. Simu ikae kwa jirani, na wateja wajue unajibu saa sita na saa kumi.