Linux Mint inaandika "unusable" wakati nafasi ipo: angalia patisheni nne

Mkuu, umesema unataka kuweka Linux Mint pembeni ya Windows, umepunguza C ukapata GB 60, ila Mint ikifika kwenye kugawa diski inakuandikia "unusable" na alama ya kujumlisha haibonyezeki. Diski yako haijafa. Wanaokwambia ufute yote uanze upya wanakutia hasara ya bure.

Mashine nyingi za mtumba za enzi za Windows 7, hata zikishapigwa Windows 10, bado zina jedwali la MBR, yaani orodha ya patisheni (vipande vya diski) inayokaa mwanzoni mwa diski. Jambo la mwaka 1983 hilo, na linaandika patisheni kuu nne tu, basi. Ni kama gesti yenye vyumba kibao ila daftari la mapokezi lina mistari minne: mgeni wa tano hana pa kuandikwa. Yangu ilikuja na SYSTEM, C, RECOVERY na kijipande cha zana za kiwandani. Zimejaa. Hata ungeipunguza C mpaka nusu, jibu lingekuwa lile lile.

Mtego uko hapa: ukilazimisha patisheni ya tano ndani ya Windows, Disk Management itakuuliza kwa upole kama igeuze diski kuwa "dynamic", mpangilio wa Windows yenyewe. Kataa! Windows itawaka kama kawaida, ila Mint utakwama nayo, na kuirudisha diski ilivyokuwa bila kufuta vitu ni shughuli pevu.

Mimi nilihamishia mafaili yangu kwenye diski ya nje, nikazima Fast Startup (ile inayofanya Windows isizimike kabisa), nikafuta kile kijipande cha zana. Kilikuwa kidogo mno, lakini shida haikuwa ukubwa, ulikuwa ule mstari. Kufuta RECOVERY nako sawa tu, nani anairudia Windows 7 leo? SYSTEM usiiguse, ndiyo inayowasha Windows.

Flashi ya Mint iwashe kwa Legacy (njia ya zamani ya BIOS), kama Windows yenyewe inavyowaka. Chagua "Something else", na pale palipokuwa "unusable" sasa utaona "free space". Bonyeza +, weka Logical, siyo Primary (Logical zote hukaa ndani ya mstari mmoja uliobaki), kisha ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, na mount point /. Usishtuke ukiona sda5, Logical huanzia 5 hata kama namba za nyuma hazijaisha. Chini kabisa, pa bootloader (programu inayowasha mfumo), acha /dev/sda yenyewe bila namba. Wengi hukosea hapo.

Kuna watakaokutajia mbr2gpt, zana ya Windows ya kugeuza MBR kuwa GPT, jedwali jipya zaidi. Ni nzuri, GPT inabeba patisheni 128, ila inakataa diski yenye patisheni kuu zaidi ya tatu, na ukimaliza lazima mashine iwake kwa UEFI, njia mpya iliyochukua nafasi ya BIOS. Kama yako haina UEFI, Windows ndiyo basi tena. Kwa mashine ya umri huo sioni faida.

Kabla hujafuta chochote, washa Mint kwa flashi, fungua terminal, andika sudo parted -l, utupie hapa majibu. Ukikuta "gpt" badala ya "msdos" (ndiyo MBR hiyo), haya yote hayakuhusu, tutatafuta kwingine.