Namba Unayoitia Sahihi: Maswali ya Wakemia wa Udhibiti wa Ubora

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wakemia walioko kazini viwandani, na moja kwa mwanafunzi anayekaribia kuhitimu. Nimezifupisha, maana yake nimeiacha ilivyo.

Namaliza shahada ya kemia mwaka huu. Naambiwa udhibiti wa ubora ni kupima kitu kilekile kila siku. Ni kweli?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Asubuhi unapokea sampuli: malighafi iliyoshushwa jana, bidhaa ambayo bado iko njiani kiwandani, bidhaa iliyokwisha kufungashwa. Unahakiki mizani kwa mawe yake, unahakiki kipima pH kwa bafa (miyeyusho ambayo pH yake inajulikana) mbili au zaidi, unatayarisha miyeyusho, unapima, unakokotoa. Kisha unaandika, na hapo ndipo wengi hushangaa. Sehemu kubwa ya siku huishia kwenye fomu au kompyuta: kemikali ilikuwa ya bechi gani, inaisha muda lini, mizani ipi ilitumika, nani alihakiki hesabu.

Hata hivyo mazoea hayo yana faida yake. Mkemia aliyepima parasetamoli miezi na miezi anaijua grafu ya kromatografia, mbinu ya kutenganisha vilivyomo ndani ya mchanganyiko, kama inavyokaa siku njema. Siku kikitokea kilele kidogo pembeni, mahali ambapo hakijawahi kutokea, yeye ndiye atakayekiona, mgeni atakipita. Kama hamu yako yote ni kugundua vitu vipya, nenda kwenye utafiti. Kama unapata raha kuwa na hakika na jambo, njoo huku.

Msambazaji wetu huleta cheti cha uchambuzi kwa kila shehena. Kwa nini tupime tena?

Kwa sababu cheti ni kauli ya muuzaji, na anayekula au kumeza bidhaa yenu hakumchagua muuzaji huyo.

Mwaka 1937 nchini Marekani, dawa ya maji ya salfanilamidi iliyeyushwa ndani ya diethilini glaikoli, ambayo ni sumu. Kabla ya kuuzwa iliangaliwa ladha, mwonekano na harufu, sumu haikupimwa. Watu zaidi ya 100 walikufa, watoto wakiwemo, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kumtaka mtengenezaji athibitishe usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Ungedhani somo hilo limekwisha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za kikohozi zilizokutwa Gambia zikiwa na sumu hiyohiyo na ndugu yake, ethilini glaikoli. Vifo vya watoto zaidi ya 60 vilihusishwa nazo. Glaikoli hizi ni angavu, nzito na tamu, sawa na gliserini na propilini glaikoli, vimiminika salama vinavyotumika kwenye dawa za maji, kwa hiyo jicho halizitofautishi. Kromatografia ya gesi inazitofautisha, na kikomo kinachotumika kwa kila moja ndani ya gliserini ni asilimia 0.10. Pima utambulisho wa kila pipa, hata kama yote yameshuka kwenye lori moja.

Na ujue kipimo chako kinaona nini. Njia ya Kjeldahl, iliyotangazwa mwaka 1883, hupima nitrojeni, halafu tunazidisha kwa 6.25 kwa kuchukulia kwamba protini ina nitrojeni asilimia 16. Melamini ina nitrojeni zaidi ya asilimia 66. Ndiyo maana maziwa yaliyotiwa maji kisha melamini huko China yalionekana yana protini ya kutosha, mpaka kashfa ilipofichuka mwaka 2008, wakati watoto wapatao 300,000 walikuwa wameugua na sita wamekufa. Kipimo kilifanya kazi yake sawasawa. Kilijibu swali lingine.

Kidonge chetu kilitoa asilimia 88 ya dawa iliyotajwa kwenye lebo, na kiwango ni 90 hadi 110. Meneja wa uzalishaji akasema, "Rudia mpaka ipite." Nifanye nini akija tena na maneno hayo?

Usirudie, angalau si wakati huo wala kwa sababu hiyo.

Acha kila kitu mezani kilivyo: miyeyusho, flaski, vidonge vilivyobaki. Mkimwaga, mmemwaga ushahidi. Mwite msimamizi wako siku hiyohiyo mpitie pamoja. Je, uzito ulinakiliwa sawa? Myeyusho ulizimuliwa kwenye flaski iliyotajwa kwenye utaratibu? Kilele kilikatwa vizuri na programu? Sindano za mwanzo za myeyusho wa kulinganishia zilikubaliana? Kidonge kiliyeyuka chote, au kuna unga ulibaki chini? Mnaweza kudunga tena myeyusho uleule kwenye mashine ili kujua kama kasoro ni ya mashine, mradi mwandike kwamba huo ni uchunguzi.

Likipatikana kosa la wazi la maabara, matokeo ya kwanza yanabatilishwa kwa maandishi, yakiwa na sababu, na unapima upya. Lisipopatikana, 88 inabaki kuwa matokeo halali na uchunguzi unahamia kiwandani: uchanganyaji, uzito wa vidonge, malighafi. Kurudia kukihitajika, idadi ya marudio huandikwa kabla hamjaanza, na ni vizuri apime mkemia wa pili.

Jihadhari sana na wastani. Tuseme marudio yametoa 95 na 96. Ukichanganya na 88 unapata 93, na karatasi inapendeza. Lakini kama vidonge vyenyewe vinatofautiana, kuna mgonjwa atakayemeza vile vya 88, naye hatameza wastani. Mwaka 1993, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya kampuni ya Barr Laboratories, jaji aliikataa tabia ya kupima na kupima mpaka bidhaa ifaulu, na uamuzi huo umeathiri maabara za dawa mbali na mipaka ya nchi hiyo.

Sasa meneja. Simhesabu kuwa mtu mbaya. Ana magari yanayosubiri mzigo na simu haziachi kulia. Mwambie kwa heshima: "Meneja, nikirudia bila sababu iliyoandikwa, mkaguzi atauliza matokeo ya kwanza yalikwenda wapi, na kompyuta imeyatunza." Akisisitiza, mwombe aandike agizo lake. Wengi huishia hapo. Idara ya ubora haipaswi kuwa chini ya idara ya uzalishaji, na kama mkuu wako wa maabara naye anaunga mkono kurudia hadi ipite, weka maelezo yako kwa maandishi na uanze kutafuta kazi kwingine. Nasema hivyo nikijua kazi ni ngumu kupatikana.

Nikikosea kuandika, naweza kufuta kwa wino mweupe?

Hapana. Piga mstari mmoja ili kilichoandikwa kisomeke bado, andika kilicho sahihi kando, weka sababu, sahihi na tarehe ya leo. Tarehe ya leo, hata kama kosa ni la juzi. Na usiandike uzito kwenye kipande cha karatasi kwa nia ya kunakili baadaye.

Mwenzangu na mimi tukipima sampuli moja kwa titresheni (kudondosha myeyusho wa nguvu inayojulikana hadi rangi ibadilike), yeye hunizidi kwa karibu asilimia moja kila mara. Nani amekosea?

Kwa kuwa tofauti inakwenda upande mmoja siku zote, bahati mbaya haihusiki. Kuna mazoea yanayotofautiana. Badilishaneni: wewe pima myeyusho aliotayarisha yeye, naye apime wako. Tofauti ikifuata myeyusho, shida iko kwenye utayarishaji. Ikimfuata mtu, iko kwenye bureti, ule mrija wenye alama unaodondoshea myeyusho.

Upande wa bureti, shuku rangi kwanza. Kwa fenolfthaleini, kiashiria kinachobadili rangi, mmoja husimama kwenye waridi hafifu sana na mwingine husubiri ikolee, na matone hayo machache ndiyo yanawatenganisha. Angalieni pia jicho liko usawa gani na mstari, na kama kuna kiputo kwenye ncha ya bureti. Upande wa utayarishaji, ulizaneni kama mmoja wenu hujaza flaski hadi alama kabla myeyusho haujapoa. Flaski hizo zimesanifiwa kwa nyuzi joto 20. Kimiminika cha moto kikipoa kinashuka chini ya alama, na mliyemdhani mwenye mkono mzito anakuwa na myeyusho mkali kuliko alioukusudia. Kama sampuli hunyonya unyevu wa hewani, pimeni muda ambao kila mmoja huiacha wazi kwenye mizani.

Nina ujauzito wa wiki tisa, na maabara yetu hutumia viyeyusho kila siku. Nisubiri lini kusema?

Usisubiri, dada yangu. Wiki za mwanzo ndizo viungo vya mtoto vinapojengeka. Mwambie msimamizi leo, kisha mketi na karatasi za usalama za kila kemikali unayoshika, mkitafuta maonyo kuhusu uzazi. Dimethilifomamidi iwe ya kwanza kuangaliwa: ina onyo hilo, na hupenya kwenye ngozi. Usitegemee glovu nyembamba za nitrili, kwa kuwa dikloromethani, kwa mfano, huzipenya kwa dakika chache tu. Omba uhamishiwe kwa muda kwenye uhakiki wa data, urekebishaji wa vifaa au uandishi wa taratibu. Kazi hizo zinahitaji mkemia kamili, kwa hiyo usikubali mtu azifanye zionekane kama fadhila. Mpelekee pia daktari wako orodha ya kemikali hizo.

Nina muda wa kusoma jioni. Nijiimarishe kwenye nini ili nipande cheo?

Takwimu. Najua ulitarajia nitaje mashine mpya. Jaribio la t, ambalo maabara hulitumia kulinganisha wakemia wawili au mbinu mbili, lilitoka kiwandani: William Gosset, aliyesomea kemia na kufanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness, alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student. Alilihitaji kwa sababu alikuwa na sampuli chache na maamuzi mengi. Hali yako ni hiyohiyo. Anza na mkengeuko wa kawaida (kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika), uende kwenye jaribio la t, halafu chati za udhibiti, zinazoonyesha matokeo yakibadilika kadiri muda unavyokwenda. Baada ya hapo soma ISO/IEC 17025, kiwango cha umahiri wa maabara, toleo la 2017, hasa sehemu ya kutokuwa na uhakika wa vipimo. Chukua matokeo ya mwaka mzima ya kipimo kimoja mnachokifanya, yachore kwenye chati, umwoneshe msimamizi wako palipoanza kupanda au kushuka.