Kubonyeza mshipa hakukuokoi kwenye roba ya mbao

Kuna sehemu nyuma ya taya, chini kidogo ya ndewe ya sikio. Mwalimu wangu wa karate aliponibonyeza pale kwa kidole gumba mara ya kwanza, nilipiga kelele na kusimama kwa ncha za vidole vya miguu. Wajapani huziita sehemu za namna hiyo kyusho. Nilirudi nyumbani nikiamini nimepata silaha.

Miaka miwili baadaye, usiku, kituoni, mlevi mmoja alimng'ang'ania dada yangu mkono. Nikamkamata kichwa kwa nyuma, nikabonyeza palepale kwa nguvu zangu zote. Hakushtuka hata kidogo. Aligeuka akanipiga kiwiko cha mdomo. Aliyetuokoa ni dada mwenyewe: aliuchomoa mkono kupitia upande wa kidole gumba cha yule mtu, maana ndipo mshiko ulipo dhaifu, tukakimbilia kwenye taa za wauza chipsi.

Mazoezini mwenzako amesimama, amekupa shingo, anakusubiri. Mtu aliyelewa, au aliyepandwa na hasira, maumivu hayasikii mpaka kesho yake. Kwa hiyo sehemu yoyote inayofanya kazi kwa maumivu peke yake, usiitegemee. Wako pia watu ambao hata wakiwa wazima ukiwabonyeza hawasikii kitu.

Zinazofaa ni zile zinazoharibu kazi ya mwili, aumie asiumie. Ngumi ya chembe ya moyo humkata mtu pumzi kwa sekunde kadhaa. Mabondia wanajua ngumi ya ini, chini ya mbavu za kulia, inavyomkalisha mtu chini huku akili yake bado inataka kupigana. Goti likiingia sawasawa ubavuni mwa paja, juu kidogo ya goti lake, mguu hufa ganzi. Lakini zote hizo zinataka pigo la kweli. Ncha ya kidole haitoshi.

Na roba ya mbao yenyewe, yaani kukabwa shingo kwa mkono kutoka nyuma, ile Wakenya wanayoiita ngeta, ni somo tosha. Ikibana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde kama kumi. Ukikabwa, usipoteze muda kutafuta mshipa wa mkono wake. Inamisha kidevu, shika mkono wake kwa mikono yako yote miwili uuvute chini upate pumzi, kisha geuka kuelekea kiwiko chake. Akitaka simu tu, mpe kabla hajakukaba. Na tafadhali, kukabana msijaribu nyumbani bila mwalimu; shingo si ya kuchezea.

Siku hizi kila Jumamosi namkamata dada yangu mkono kwa nguvu zangu zote, bila kumwonea huruma, naye anauchomoa na kukimbia mpaka getini.