Maswali na majibu: Mbegu ya mbwa na ukali wake

Shikamoo daktari. Nimejenga Nkuhungu, ukuta umekamilika, sasa nataka mbwa mkali kwelikweli. Nichukue rotiweila au jamani shepadi? Ipi ina ukali wa asili?

Marahaba. Swali hili halikauki, hubadilika jina la mtaa tu, na kila anayeliuliza huanza na mbegu. Haulizi mama wa huyo mtoto wa mbwa yukoje, haulizi mtoto ana wiki ngapi, wala hasemi nani atakaa naye. Mbwa anayeuma ovyo hutengenezwa na hayo matatu.

Kurithi kupo, sitakuficha. Kule Novosibirsk, Urusi, Dmitry Belyaev alianza mwaka 1959 kuzalisha mbweha wa manyoya kwa kuchagua wale tu wasioogopa wala kushambulia watu. Baada ya vizazi vichache walianza kutikisa mkia wakimwona mtu. Kwa hiyo mzazi mpole huzaa wapole zaidi, na mzazi mwoga huzaa waoga. Lakini hapo tunazungumzia mzazi, hatuzungumzii jina la mbegu. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18,000, na zaidi ya 2,000 kati yao walipimwa vinasaba. Mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Wepesi wa mbwa kuchokozeka ulikuwa miongoni mwa tabia ambazo mbegu ilishindwa karibu kabisa kuzibashiri.

Hata historia haikusaidii. Rotiweila ni mbwa wa mji wa Rottweil, Ujerumani. Kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Jamani shepadi alisajiliwa mwaka 1899 na Max von Stephanitz akiwa mbwa wa kuchunga kondoo. Upolisi ulikuja baadaye, tena kwa mafunzo. Jambo ambalo mbegu inakuhakikishia ni ukubwa. Rotiweila dume hufika kilo 50 na kuzidi, koko wetu wengi wana kilo 12 hadi 20. Wote wawili huuma kwa sababu zilezile, ila wa kwanza akiuma unahitaji daktari wa upasuaji.

Basi fanya hivi. Nenda ukamwone mama yake, nyumbani kwa muuzaji, mchana. Mama anayekuja kukunusa kisha akaendelea na shughuli zake ni mama mzuri. Anayejificha chini ya gari huku akibweka na kukojoa, ondoka, hata kama umeshasafiri kutoka Kongwa. Usichukue mtoto aliye chini ya wiki 8. Hawa wanaouzwa kwenye maboksi kando ya barabara wakiwa na wiki nne au tano wameondolewa kabla ndugu zao hawajawafundisha kupima nguvu ya kung'ata. Mtoto aking'ata sana, mwenzake hulia na mchezo huisha, na somo hilo wewe utalifundisha kwa shida sana.

Dirisha la kuzoea dunia hufunguka wiki ya 3 na kuanza kufungwa kati ya wiki ya 12 na 14. Atakachokiona kwa utulivu ndani ya muda huo hatakiogopa ukubwani. Kwa hiyo mtoto wako anatakiwa aone bodaboda ikiwashwa, mama mwenye ndoo kichwani, mwanamke mwenye hijabu, mzee mwenye fimbo, watoto wanaokimbia, msoma mita za maji, kundi la mbuzi likipita, na asikie geti likigongwa. Chanjo zikiwa hazijakamilika mbebe mikononi au kwenye kikapu, usimshushe pale wanapopita mbwa usiowajua. Watu wa hapa hufanya kinyume kabisa. Humfungia bandani tangu siku ya kwanza ili "asizoee watu", kisha akifika mwaka mmoja wanashangaa amemrarua dada wa kazi. Mbwa huyo haogopwi kwa ulinzi wake. Anawaogopa watu wote, na hofu hiyo ndiyo mnayoiita ukali.

Kitu kimoja hukuuliza: mlinzi mzuri hubweka, hasogei nyuma, na akiitwa huacha. Asiyeacha ni kesi. Kanuni ya Adhabu inamtaja wazi mtu asiyechukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake, na kibao cha "Mbwa mkali" getini hakikuondolei jukumu hilo.

Ni kweli taya za pitibuli zikiuma hujifunga kama kufuli?

Hapana. Taya zake ni kama za mbwa mwingine yeyote wa ukubwa wake. Alichorithi ni kung'ang'ania, kwa sababu mababu zake walichaguliwa kwa mapambano ya mbwa kwa mbwa kule Uingereza katika karne ya 19. Mtafute mwingine akutishe kwa hilo la kufuli.

Mbwa wetu koko ana miaka minne, hajawahi kumgusa mtu. Juzi ghafla amemuuma mtoto wa dada yangu mkononi, hata chakula amekataa. Hii ni damu ya koko au kuna mbegu kali imechanganyika? (Chamwino)

Ndugu yangu, weka mbegu pembeni. Mbwa mpole aliyebadilika ghafla na kukataa chakula ni mbwa wa kudhaniwa ana kichaa hadi ithibitike vinginevyo. Mtoto alipaswa kuwa hospitali siku ileile. Kama hamjaenda, acheni kusoma hapa mwende sasa hivi. Siku mbili zimepita, lakini chanjo bado inafaa maadamu dalili hazijaanza. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki.

Jeraha la mbwa huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Sabuni ya mche inatosha. Baada ya hapo paka ayodini au spiriti. Usipake jivu, mafuta ya taa, pilipili wala ugoro, na usikimbilie kushona. Vitu hivyo huchubua nyama na kukisogeza kirusi karibu na mishipa ya fahamu. Chanjo huanza siku hiyo, kisha siku ya 3, siku ya 7, na nyingine kadiri kituo kitakavyokupangia. Kama jeraha limetoa damu, au liko kichwani, shingoni au kwenye vidole, uliza pia kuhusu sindano ya kinga inayowekwa kwenye jeraha lenyewe. Msikatishe ratiba eti kidonda kimepona. Kupona kwa kidonda hakusemi lolote kuhusu kirusi.

Mbwa msimuue kwa hasira. Mfungieni mahali pasipofikika, mpeni maji bila kumgusa, na mumwite afisa mifugo wa kata leo. Mbwa aliyeuma huku tayari anatoa kirusi kwenye mate huonesha dalili au hufa ndani ya siku 10. Akimaliza siku 10 akiwa mzima, mtaambiwa la kufanya kuhusu dozi zilizobaki. Akifa, kichwa kinahitajika kwa kipimo cha ubongo, kwa hiyo kumponda kichwa kwa jiwe ni kuharibu ushahidi wenu wenyewe. Na msimchune wala kumbeba kwa mikono mitupu.

Kama daktari wa mifugo ataondoa shaka ya kichaa, bado kuna maumivu ya kutafuta: sikio lililooza kwa kupe na usaha, jino lililovunjika kwa mfupa, nyonga. Mbwa mwenye maumivu akishikwa ghafla na mtoto huuma, awe koko au wa kizungu.

Chanjo ya kichaa hutolewa mbwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa kila mwaka, na inapatikana kwa bwana mifugo wako. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupitia. Mtu anayetafuta rotiweila wa gharama huku mbwa wake wawili hawana kadi ya chanjo amepanga vibaya matumizi yake.

Uingereza wamepiga marufuku mbegu hatari. Kwa nini na sisi tusifanye hivyo?

Sheria yao ya 1991 ilitaja mbegu nne: pitibuli, tosa wa Japani, dogo wa Argentina na fila wa Brazili. Mwishoni mwa 2023 wakaongeza buli wakubwa waitwao XL, maana watu walikuwa wamehamia huko. Hilo la kuhama ndilo tatizo la orodha: anayetaka silaha hutafuta mbegu isiyotajwa. Uholanzi walipiga marufuku pitibuli mwaka 1993 na kuiondoa sheria hiyo 2008 kwa kuwa watu hawakuacha kuumwa. Hapa Dodoma, ambako nusu ya "jamani shepadi" ninaoulizwa habari zao ni chotara, nani atasimama getini aamue huyu ni mbegu gani? Kwa macho hata wataalamu hukosea mara kwa mara vinasaba vikipimwa. Mimi ningetaka sheria za chanjo, za mbwa kutozurura na za mwenye mbwa kulipa gharama za aliyeumwa zisimamiwe kweli kabla ya kufikiria orodha.

Kijana anayenifundishia mbwa anasema nimpe pilipili, damu mbichi na bangi kidogo ili awe mkali. Kiasi gani?

Hakuna kiasi. Pilipili huchoma tumbo na kuleta kuhara. Damu mbichi humpa minyoo na bakteria, haimpi hasira. Bangi ni sumu kwa mbwa: atayumba, atakojoa ovyo, atapoa mwili, na akizidishiwa atapoteza fahamu. Haya ni mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo. Mwondoe kijana huyo kwa mbwa wako leo.

Kumhasi kutamwondolea ukali?

Kutapunguza kuzurura, kugombania majike na kukojoa kila kona. Ukali wa hofu hautaondoka. Mhasi kwa faida hizo nyingine. Dume wa mbegu kubwa msubirie apite mwaka mmoja ili mifupa yake ikomae.

Mbwa wangu (chotara, miezi 7) ananguruma nikisogea anapokula. Nimempiga lakini amezidi.

Amezidi kwa sababu umempiga. Alinguruma kukwambia "sogea, naogopa kunyang'anywa", nawe ukathibitisha hofu yake. Ukifaulu kumnyamazisha kwa fimbo utapata mbwa anayeuma bila onyo, na huyo ni hatari mara mbili.

Anza upya. Mpe chakula chake cha kawaida, ugali wa dona na dagaa au chochote anachokula, kisha simama mbali pale ambapo hanyanyui kichwa, tuseme mita tatu. Mtupie kipande cha kitu kitamu kuliko kilicho kwenye bakuli, kama ini lililochemshwa, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Ondoka. Rudia mara tano kwa kila mlo. Kila baada ya siku tatu za utulivu sogea nusu mita. Akikaza mwili, akiacha kutafuna au akikutazama huku weupe wa jicho ukionekana, umewahi mno. Rudi mita moja nyuma ukae hapo siku tatu nyingine. Wengi huharibu siku ya nne, wanapoona ameelewa na kushika bakuli ili kumjaribu. Usilishike kwa mwezi mzima wa kwanza. Watoto wasiwepo kabisa mbwa anapokula, hata baada ya kufaulu.

Mbwa mdogo wa manyoya anauma wageni wote. Si wanasema wadogo ni wapole?

Wanasema wasioumwa nao. Chihuahua na dachshund hupata alama za juu za ukali kwa watu kila wenye mbwa wanapohojiwa. Hawasikiki hospitali kwa sababu ya udogo wao. Acha kumnyanyua na kumpakata kila anaponguruma.

Ihumwa upepo na jua ni vikali. Mbwa anashinda kwenye mnyororo hadi saa mbili usiku, na anazidi kuwa mkorofi. Nimrefushie mnyororo?

Kurefusha peke yake kutamfanya ajizungushe kwenye mti. Aliyefungwa hawezi kukimbia anachokiogopa, kwa hiyo hubaki na njia moja, kushambulia. Kama hakuna namna, tandika waya wa mita 10 kati ya nguzo mbili, juu ya kimo cha mtu, na mnyororo wa kuteleza wenye pete inayozunguka. Weka kizuizi mita moja na nusu kabla ya kila nguzo ili asijifunge. Mwisho wa waya usikaribie ukuta, akiruka upande wa pili atajinyonga. Mkanda wa shingoni upitishe vidole viwili, na ukague kila wiki kwa mbwa anayekua, maana hukata ngozi.

Banda ni bora zaidi: mita 2 kwa 3, upande mmoja wavu, paa la bati lenye nyasi au dari chini yake, mlango usiotazama upepo. Bati pande zote nne ni tanuri ifikapo Oktoba. Maji mara mbili kwa siku, kwenye sufuria nzito iliyochimbiwa nusu ardhini asiipindue. Kisha mtoe nusu saa asubuhi kabla ya saa moja, na nusu saa jioni, kwa kamba, nje ya geti.